Pikapu Mpya Kwenye Mlima wa Ipogolo

Asubuhi ya mnada, Mbuke alikamua ng'ombe haraka kuliko siku zote. Walikuwa wamebaki wachache. Wengine waliuzwa ili mume wake, mzee Nkuba, anunue pikapu ya dizeli. Tangu wahamie Usangu kutoka Usukumani, walikuwa hawajawahi kuuza mifugo mingi hivyo. Pikapu ikifa, hawana gari wala ng'ombe wa kununulia jingine.

Aliyewauzia aliwapa ufunguo, akasema, "Hii dizeli, ina nguvu." Basi, hakuongeza neno. Ndivyo wanavyotufanyia sisi watu wa vijijini. Mwaka 1969 kijiji cha jirani kililetewa trekta hivyo hivyo: ufunguo, hotuba, makofi. Lilikufa kabla ya mavuno. Mpaka leo hakuna aliyekuja kutueleza lilikufa kwa nini. Wengine wamesahau. Mimi ninayewasimulia sijasahau.

Nkuba na mwanawe Budeba, ambaye ndiye dereva, walipakia mafahali wawili wa kuuza mnadani Iringa. Mbuke na majirani wanne nao wakadandia, wakashikilia vyuma vya pembeni.

"Baba, si mzigo mkubwa huu?" Budeba aliuliza.

"Tuijaribu leo. Tujue tumenunua gari au tumenunua bati."

Walipofika barabara ya lami, Nkuba alichachamaa. "Kanyaga, mwanangu! Hata mabasi yanatupita!"

Budeba alikanyaga mpaka mwisho, wala hakupunguza mpaka Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Hapo mlima ulianza. Budeba akaingiza gia ndogo. Injini ikanguruma.

"Rudisha!" Nkuba alifoka. "Husikii inavyolia? Unaitesa!"

Kwake yeye, mnyama akilia anaumia. Budeba akarudisha gia kubwa. Pikapu ikatetemeka, ikasuasua, ikazimika. Mvuke ukafuka chini ya boneti.

Mbuke aliruka na ndoo ya maji. Budeba akaanza kufungua kifuniko cha rejeta.

"Acheni!" Sauti ilitoka kwenye gereji ya kando ya barabara. Fundi Liberatus alikuja mbio. "Mama, weka chini hiyo ndoo! Na wewe kijana, unataka kuungua macho?"

"Ina kiu, baba," alisema Mbuke.

"Ina moto, mama! Ukimwagia chuma cha moto maji baridi, kinapasuka. Ingojeni ipoe."

Walingoja. Ilipopoa, Liberatus alifungua, akaongeza maji. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa chini ya alama. Akaisugua vidoleni, akawaonyesha. Ilimetameta.

"Unga wa chuma huo. Mmeibadilisha oili lini?"

"Kwani si gari mpya?" Nkuba aliuliza.

"Ndiyo maana!" Liberatus alijishika kichwa. "Mzee, wewe si mfugaji? Ndama wa kulima unamfundishaje?"

"Namfunga na ng'ombe mzoefu. Anavuta gogo jepesi kwanza."

"Humfungi jembe siku ya kwanza?"

"Atavunjika, fundi. Nani mjinga wa kufanya hivyo?"

Liberatus aliwatazama mafahali wawili juu ya pikapu. Nkuba naye akawatazama. Mbuke akaanza kucheka.

"Usinicheke, mama Budeba."

"Nimcheke nani? Fahali?"

Liberatus akaeleza. Vyuma vya injini mpya bado havijazoeana. Vinasagana, na unga wake unaingia kwenye oili. Kwa hiyo oili ya kwanza inamwagwa mapema, pamoja na chujio lake. Siku za mwanzo mzigo uwe nusu. Mwendo uwe wa wastani, tena wa kubadilika badilika. Mlimani, shika gia ndogo mapema. "Ikinguruma, haiumii. Ikitetemeka kwenye gia kubwa, hapo unaiua. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili na maji. Vumbi la Usangu mnalijua. Safisha chujio la hewa."

"Imeshakufa?" Mbuke aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Bado, mama. Lakini mzigo ushuke hapa."

"Mbele ya watu wote hawa?" alinung'unika Nkuba.

"Au gari ife hapa mbele yao. Chagua."

Mafahali walishushwa, na majirani nao wakashuka. Pikapu ilibadilishwa oili, ikapanda mlima tupu, kwa gia ndogo, ikinguruma. Nyuma yake mzee Nkuba alipanda kwa miguu akiswaga mafahali wake, akitoka jasho, na wapita njia wakimpigia miluzi.

Mwaka uliofuata, pikapu ilisimama tena mbele ya gereji. Liberatus alifungua boneti. Akapima oili, akasikiliza injini, akachungulia chini kama kuna oili inayovuja. Hakuona kitu.

"Sasa inaumwa nini?"

"Haiumwi," alisema Nkuba. "Tumekuja kukusalimia."

"Mzee, salamu zinanilisha?" Liberatus alifunga boneti kwa kishindo, akicheka. "Haya, ondoeni gari. Mnawazibia njia wagonjwa."