Mstari Uliorukwa Hewani

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, Kasuku alisoma matangazo ya redio ya shule. Sauti yake ilitoka hapo hapo kwenye spika za madarasa yote na ile ya getini. Jina la Kasuku alibandikwa na wenzake, maana mdomo wake haukujua likizo.

Mwalimu wa redio alikuwa na sharti moja: karatasi isomwe mara tatu kabla taa nyekundu ya kuonyesha wako hewani haijawaka. Siku hiyo Kasuku alipiga soga mpaka muda ukaisha.

"Aa, mimi nimeshazoea," alimwambia rafiki yake Pilipili, msichana aliyeshika mitambo.

Basi akasoma mbio mbio, akaruka mstari mzima. "Leo darasa la kwanza watatoka saa tano," alitangaza.

Saa tano kasoro alirudi chumba cha redio kufuata kalamu yake, akaitupia macho ile karatasi. Moyo ulimpiga paa. Saa tano ni darasa la saba! Darasa la kwanza ni saa saba, wazazi wao watakapokuja kuwachukua. Alichungulia dirishani. Watoto walikuwa wanaelekea getini na mikoba yao, mdogo wake wa kiume akiwa mbele. Nje ya geti ilikuwa barabara ya malori.

"Nyamaza tu," alinong'ona Pilipili, aliyekuwa bado kwenye mitambo. "Tutasema karatasi ilikosewa."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, lakini hofu ilizidi.

"Washa," alisema.

Taa ikawaka. "Hii ni redio ya shule. Darasa la kwanza, rudini darasani, mtatoka saa saba. Baba mlinzi, tafadhali funga geti. Aliyekosea ni mimi. Sikuisoma karatasi."

Mlinzi alifunga geti. Mwalimu wao aliwahesabu watoto, akapaza sauti kuelekea dirishani: arobaini na mmoja, hakupungua hata mmoja. Kasuku aliposikia hivyo alijibwaga kitini, akalia na kucheka kwa pamoja. Ama kweli, alikuwa ametua mzigo.

Mwalimu wa redio aliingia akihema.

"Kuteleza si kuanguka, mwanangu," alisema. "Ila kesho utaisoma mara sita, nami nitakaa hapa nihesabu. Anayekusikiliza hakuoni, anakuamini tu. Ukimpotosha, mrudishe wewe mwenyewe, tena upesi, kama ulivyofanya leo."