Boliti Mahali pa Fyuzi

Besi, kijana aliyepewa jina hilo kwa muziki wake wa mdundo mzito, alikutwa amekufa kwenye kiti cha dereva, vidole vimeng'ang'ania mlango. Sehemu ya mbele ya gari ilikuwa imeungua hadi bati. Ilikuwa saa nane mchana, uani kwake mwenyewe.

"Moshi ndio uliomuua, si moto," alisema daktari wa polisi. "Pua yote masizi. Nadhani alikuwa amelala, akazinduka amechelewa."

Inspekta, mama wa makamo, alijaribu milango. Yote ilifunguliwa kwa swichi ya umeme, na vioo vivyo hivyo. Umeme ulipokatika, gari likawa sanduku. Mama huyo alikunja ndita.

"Muuaji huyu hapa!" Dada wa marehemu alikuwa amemkaba fundi redio ukosi. "Mwezi jana alimfungia kaka yangu amplifaya ya kukuza muziki garini. Leo kaka yuko ndani ya mfuko!"

Fundi alikuwa na damu mdomoni. Majirani walishaanza kazi yao.

"Mwachie," Inspekta alifoka. "Hapa anayeuliza ni mimi. Wewe, waya wa amplifaya uliupitisha wapi?"

"Toka betri, afande, kwenye tundu la bati linalotenga injini na abiria, kisha chini ya zulia hadi kwenye buti. Tundu nililivisha mpira ili bati lisikwaruze waya. Na fyuzi niliiweka shubiri moja toka betri. Waya ukigusa bati, fyuzi inakatika, gari linapona. Mwaka wa kumi na moja huu nafunga redio. Sijaunguza hata kiberiti!"

Alitoa simu na kuonyesha picha ya kazi yake. Mpira ulikuwapo. Fyuzi pia.

Inspekta aliingiza tochi chini ya boneti. Tundu halikuwa na mpira, waya umechunika hadi shaba. Mpira aliuokota chini ya gari, umekatwa kwa wembe. Ndani ya kikasha cha fyuzi kulikuwa na kipande cha boliti.

"Hii ndiyo fyuzi yako?"

Fundi aliitazama. "Boliti haikatiki, afande! Aliyeweka hii alijua anachofanya."

Kisha akakumbuka. Marehemu alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti jana yake. Akaubonyeza.

"Fundi, usije. Nimeongeza spika, fyuzi ikakatika. Yule mzee jirani wa ukuta wa pili ameniwekea nyingine. Kumbe hana kinyongo."

Dada wa marehemu akakaa chini palepale, mikono kichwani.

Mzee wa ukuta wa pili alikuwa fundi umeme mstaafu wa kiwanda. Alifungua mlango kabla Inspekta na konstebo wake hawajabisha. Juu ya meza yake ya kazi, jiliwa lilikuwa bado limebana kichwa cha boliti iliyokatwa kwa msumeno. Konstebo alikiunganisha na kile kipande. Vikakaa kama pacha.

"Nilitaka amplifaya iungue tu," alisema mzee.

"Usinidanganye!" Inspekta alipiga meza. "Miaka thelathini umeshika umeme. Boliti inaunguza waya, waya unaunguza gari. Na mpira uliukata wa nini?"



"Nilijua," alisema mzee. "Nilijua pia kwamba analala humo kila mchana, muziki juu."

"Kijana wa miaka ishirini na sita! Alikushukuru!"

"Na mimi nilimwita mwanangu!" Mzee alisimama, sauti ikapasuka. "Mara tatu nilikwenda kumsihi. Mke wangu alikuwa kitandani, mgonjwa, upande huu wa ukuta. Mdundo wake ukianza, glasi ya maji inatembea mezani. Mara ya tatu akacheka, akaongeza sauti. Siku tisa zilizopita mke wangu alinishika mkono, midomo inacheza. Nikaweka sikio mdomoni kwake kabisa. Dum, dum, dum. Akakata roho. Miaka arobaini ya ndoa, na neno lake la mwisho sikulisikia!"

"Ungekuja kituoni!"

"Nilikuja! Mara mbili. Wakaniambia muziki si kosa, nikanunue pamba za masikio."

Kalamu ya konstebo ilisimama. Inspekta alimgeukia.

"Mbona umeacha? Andika. Andika kama alivyosema, na hilo la pamba."

Kisha yeye mwenyewe akatoa pingu.