Mgeni wa Getini

"Shemeji, hapokei," mlinzi akaniambia.

"Mpigie tena."

"Nimempigia mpaka simu imepata moto."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wodini, miguu imevimba, nimejiegemeza ukutani pale getini kwetu. Haya, niseme kwetu. Mtaa wenyewe ni wa watu binafsi, kisiwani, nyumba zimejificha kwenye miti na kila moja ina mlango wa nyuma unaotazama maji. Mkazi ana kadi yake. Asiye na kadi ni mgeni, na mlinzi hamfungulii mpaka mwenyeji apigiwe simu akubali. Mimi nimeolewa humo ndani, na bado ni mgeni!

Nikimuuliza mume wangu kwa nini sina kadi, jibu lake ni lile lile.

"Mama ndiye mwenyekiti wa wakazi, na unajua hakupendi. Vumilia, mke wangu."

Nikavumilia. Kuvumilia nako kunachosha, jamani.

Gari likasimama mbele yangu. Mama mkwe mwenyewe, miwani puani.

"Mkwe wangu, mbona umeachwa hapa kama mzigo?"

"Nasubiri mwanao apokee simu, mama."

"Simu ya nini? Panda. Aliye na mkazi hapigiwi simu."

Nikapanda. Tulipoingia kwenye miti nikajikaza nikamuuliza.

"Mama, nilikukosea nini hata ukaninyima kadi?"

Akakanyaga breki.

"Nani kakunyima? Mwanangu kaniambia wewe ndiye huitaki. Eti hupendi sheria zetu."

"Mimi?"

"Wewe."

Tukatazamana. Hata nguvu za kukasirika sikuwa nazo.

Nyumbani tuliingia bila kubisha. Sebuleni sakafu ilikuwa na nyayo za maji kutoka mlango wa nyuma. Hizo nyayo nilizizoea, maana mume wangu huniambia ametoka kuogelea. Leo mwenye nyayo alikuwepo. Jirani yetu wa nyumba ya pili, yule tunayemwita Mama Boti kwa kushinda kwenye boti yake, amekaa kwenye kochi langu, gauni langu la kulalia mwilini, kikombe changu mkononi.

Mume wangu akatokea jikoni na sahani ya mayai. Rangi ikamtoka.

"Mbona... mbona simu ya getini sijaisikia?"

Hakuniuliza habari za kazi. Hakusema samahani. Aliuliza geti! Kumbe ile simu ilikuwa kengele yao: mlinzi akipiga, Mama Boti anatoka kwa mlango wa nyuma, anapita majini mpaka kwake, ndipo mimi nafunguliwa.

"Nilikuja kuazima sukari tu," Mama Boti akasema.

"Na gauni je, nalo umeazima?" mama mkwe akamuuliza.

Mama Boti akaweka kikombe changu mezani.

"Mke wangu, nisikilize, nitakueleza kila kitu."

"Nimechoka."

"Najua umekosa usingizi, lakini..."

"Hujanielewa. Nimekuchoka wewe. Mama, nirudishe getini."

Njiani mama mkwe alilia, mimi nikamfariji. Ulimwengu huu!

"Kesho nakuletea kadi kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

"Ya nyumba ipi, mama?"



Nikahamia hosteli ya wauguzi, chumba kimoja, kitanda kinalalamika ukijigeuza. Wiki haikuisha, meseji ikaingia: "Mke wangu, niko getini kwenu. Naomba dakika moja tu. Bila wewe siwezi."

Nikaisoma nimelala, machozi yakanitoka. Nilimpenda yule mwanaume, sitadanganya. Bado nampenda kidogo, na ndicho kinachoniuma.

Simu ikaita. Mlinzi wa hosteli.

"Dada, kuna mtu hapa anasema ni mume wako. Nimfungulie?"

"Amesimama?"

"Amesimama juani, jasho linamtoka."

"Mwambie mwenyeji amelala."

Nikazima simu, nikajigeuza, kitanda kikalalamika kama kawaida yake. Na kweli nililala, mpaka zamu ilipofika.