Ua Lililovunjwa Shingo

Harufu ilianza saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi na jua limejaa sebuleni. Ilikuwa harufu ya maua mabichi, tamu mpaka inakera, na humo ndani hamkuwa na ua hata moja.

"Umeleta nini humu?" mke aliuliza kutoka kwenye cherehani yake.

"Picha tu," mumewe akajibu.

Wapiga picha wenzake walimwita Lenzi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kupiga picha za maua anajua, hilo simnyimi. Lakini roho yake, Mungu apishe mbali! Akishalipiga picha ua zuri, analivunja shingo ili mwingine asipate picha kama yake. Jana yake, kwenye bustani iliyotelekezwa, katikati ya maua ya mwituni yaliyofumuka baada ya mvua, aliliona moja jeupe, refu, lenye moyo mwekundu. Akalipiga picha arobaini, akalivunja, akaenda zake akipiga mluzi.

Adhuhuri mke alilalamika shingo inamkaza. Alasiri kichwa kilikuwa kimelalia bega, na kila alipojaribu kukiinua, kitu kilikikandamiza chini.

Lenzi akaiwasha kamera. Katika picha ya kwanza kulikuwa na mtu amesimama mbali nyuma ya ua, katika ya kumi amesogea, katika ya ishirini amesogea zaidi, na Lenzi akaendelea kubonyeza huku jasho jembamba likimtoka na ile harufu ikizidi, mpaka akafika ya mwisho, ambamo uso usio na macho ulikuwa umejaa kioo kizima, mdomo wazi, kama unaotaka kutoka. Kamera ikamponyoka.

Akamwita shangazi wa mke, mwanamke anayetoa majini. Shangazi alitandika mkeka, akafukiza ubani, akauliza kwa kunong'ona, "Wewe uliyemkalia mwanangu, unataka nini?"

Mke akajibu kwa sauti nzito isiyo yake. "Amenivunjia nyumba. Na sura yangu ameibeba."

"Futa picha zote," shangazi akamwamuru Lenzi. "Ukibakiza, shingo ya mwanangu itavunjika."

Akafuta. "Zimekwisha, shangazi."

"Imebaki moja," ile sauti ikasema.

Shangazi akamgeukia. "We mwanamume, unamdanganya nani?"

Lenzi akaushika mfuko wa shati, ilipokuwa simu. "Ni ile niliyoituma kwenye mashindano ya picha za maua. Miaka tisa nasubiri ushindi! Wanatangaza kesho asubuhi. Mke wangu hawezi kuvumilia mpaka kesho?"

Mke alisikia kila neno, na huku shingo yake ikilia ka, ka, mfupa baada ya mfupa, na machozi yakimtiririkia sikioni kwa jinsi kichwa kilivyopinda, akatambaa juu ya mkeka, akaichomoa ile simu mfukoni mwa mumewe, akaiondoa picha mashindanoni, kisha akaifuta.

Harufu ikakatika. Kichwa kikainuka taratibu.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema, akaanza kukunja mkeka.

Mke akaukanyaga. Alikuwa akimtazama mumewe bila kupepesa, na aliposema, ilikuwa sauti yake mwenyewe kabisa.

"Usikunje, shangazi. Huyo wa kwanza ametoka. Sasa nitolee na huyu."