Kola ya Ng'ombe wa Chepkemboi

Simu ya Cheptoo ililia saa tisa alasiri, mvua ya Sosiot ikipiga mabati. Ujumbe ulisema: Ng'ombe wako anatembea.

Ng'ombe gani? Zizi lilikuwa tupu. Yule mmoja, wa marehemu Chepkemboi, mke wa kwanza wa mumewe Bethwel, aliuzwa Jumamosi. Cheptoo mwenyewe ndiye aliyeshikilia auzwe. Miaka miwili ameolewa, na kila alfajiri mumewe anamkamua yule ng'ombe huku akimwimbia wimbo wa marehemu! Wivu ulimla mpaka akakonda. Mke mwenza aliye hai angalau unaweza kumrushia maneno. Cheptoo alitaka jambo moja tu, nyumba iwe yake.

Kola ya shingoni aliibakiza, maana kwao mnunuzi haendi na kamba, baraka ya zizi isije ikaondoka nayo. Ndani yake mlikuwa na kifaa chenye vibati viwili vyembamba, vimekaribiana bila kugusana. Ng'ombe akisogea, nafasi kati yavyo hubadilika, umeme nao hubadilika, na simu hujua.

Kola ilikuwa msumarini jikoni. Ilibembea, ikatulia, ikabembea, mwendo wa mtu asiye na haraka. Upepo haukuwepo.

Akampigia mama mkwe, Bilhah.

"Mama, hii kola inatembea."

"Uliweka kamba ya Chepkemboi kwa nyumba?" Bilhah alinong'ona. "Na hiyo baraka unafikiri ni ya nani? Mrudishie ng'ombe wake, haraka!"

Cheptoo alipogeuka, msumari ulikuwa mtupu. Harufu ya maziwa na mkaa wa kusugulia kibuyu cha maziwa ya mgando ilijaa jikoni, na yeye kibuyu hajawahi kukisafisha tangu aolewe, akaifuata harufu ile ukumbini, akapita viti, akapita picha ya harusi yake iliyogeuzwa ukutani, hadi mlango wa chumbani ambako Bethwel alijilaza tangu arudi kutoka kuchuma chai.

Simu ikatetemeka. Ng'ombe wako amelala.

Kola ilikuwa juu ya mto wake Cheptoo. Ilipanda, ikashuka, taratibu, kama juu ya kifua cha mtu. Bethwel, ambaye hajawahi kumpa Cheptoo nafasi kitandani, alikuwa amejibana ukutani kabisa.

"Funga mlango polepole," alisema bila kufumbua macho. "Ametoka mbali. Wewe lala jikoni."