Marakuja Sita Kwenye Sahani

Saa nne na dakika ishirini, asubuhi ya Jumamosi, Maman Séraphine aliinua kitambaa cha kroshe juu ya meza ya masomo ili apanguse vumbi, akakuta hakuna kitu chini yake. Kinasa sauti kilikuwa kimeondoka.

Aliangalia chini ya meza. Aliangalia nyuma ya mapazia. Akavuta droo: mawe manne mapya ya akiba, betri ndogo, yalikuwa humo bado, kwenye karatasi yao. Kompyuta iko mahali pake. Simu ya pili ya mwalimu iko dirishani. Kilichotoka ni kile kimashine tu, kidogo kama kipande cha sabuni, na aliyekichukua alikuwa amekitandaza kitambaa tena vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Nyumba ilikuwa ya Mademoiselle Moira, mwanamke wa Scotland aliyeishi Bukavu mwaka wa sita, kule Muhumba, akifundisha Kiingereza mwanafunzi mmoja mmoja, saa moja kila mmoja, chai katikati. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakucheka makosa. Lakini somo lililopendwa zaidi halikuwa lake. Ndani ya kile kimashine mlikuwa na sauti ya mama yake mzazi, marehemu, akisoma hadithi za watoto polepole, na mahali fulani akikohoa. Kila mwaka Moira alisema atatafuta mtu wa kuinakili, na kila mwaka aliahirisha, akiogopa wasije wakaifuta.

Moira aliporudi kutoka salongo, usafi wa pamoja wa kila Jumamosi, ufagio begani na udongo kwenye viatu, Séraphine alimwambia moja kwa moja. Moira hakupiga kelele. Aliketi.

"Nani aliingia, maman?"

"Sijue. Maji ilikuya ku robinet saa mbili na nusu, nikashuka kule chini kujaza bidon. Nilirudi saa tatu na robo. Mulango niliisukuma tu, sikuifunga na ufunguo."

Moira alivua viatu vyenye udongo. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, bila kumwangalia, "Ufunguo wako… uniachie kwanza. Mpaka tujue."

Miaka sita ufunguo ule ulikaa kwenye kamba shingoni mwa Séraphine. Aliuvua, akauweka mezani, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Saa sita mchana habari ilikuwa tayari juu, kwenye kioski cha Emérence, anayeuza sabuni, mkate na maneno. Séraphine alipopita kununua chumvi, Emérence alisema kwa sauti ya kusikiwa na wanawake wote waliopanga bidon zao za maji kwenye bomba la juu pale: "Njo vile, dada. Mutu anakuamini miaka sita, na siku moja mukono inateleza!"

Séraphine alilipa chumvi yake. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Aliacha shule mwaka wa tatu wa primaire. Kitu alichokuwa nacho katika avenue ile ni jina lake tu. Na sasa jina lilikuwa juu ya meza ya Emérence, katikati ya mikate.

Ilikuwa jikoni, akimimina chumvi, ndipo alipoiona ile sahani.

Sahani nyeupe yenye mstari wa bluu, pembeni ya ndoo ya maji. Juu yake marakuja sita, matunda ya pasheni yaliyokunjana ngozi, matamu kabisa. Asubuhi saa mbili, alipofuta meza ile, sahani haikuwepo.

Aliketi na kuihoji sahani kama vile ni mtu. Alhamisi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Moira. Yeye Séraphine ndiye aliyepeleka keki, kwenye sahani tatu za namna ile: moja kwa mwanafunzi Adèle, moja kwa mwanafunzi Thierry, moja kwa Papa Alphonse, jirani wa nyuma ya ukuta. Sahani moja ilikuwa imerudi, leo, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na robo. Aliyeirudisha hakumsubiri mtu, hakusema chochote hadi sasa. Na hakuirudisha tupu.

"Huyu mwizi," Séraphine alisema peke yake, "mama yake alimulea vizuri."

*

Saa tisa mchana alikuwa mlangoni kwa Adèle.

Adèle alitoka Cotonou, kumfuata mume wake aliyefanya kazi na shirika la kilimo. Alikuwa mgeni Bukavu kama vile Moira alivyokuwa mgeni, na wawili wale walifundishana upweke zaidi kuliko Kiingereza. Lakini mara mbili Adèle aliomba aazimwe kinasa sauti, na mara mbili Moira alikataa. Na Emérence alikuwa amekwisha kusema kwamba saa tatu kamili Adèle aliacha salongo, akaonekana akikimbia.

"Nilikimbia nyumbani, maman," alisema Adèle kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Mama yangu telefone. Cotonou. Mimi nalia kidogo, narudi. Angalia." Akaonyesha simu: saa tatu na dakika mbili, dakika kumi na moja za mazungumzo.

"Na sahani ya keki?"

Adèle alishika kichwa. "Pardon! Iko hapa!" Ilikuwa chini ya chungu cha maua, ikinywa maji.

Séraphine akacheka, mara ya kwanza siku ile. Alikumbuka pia kwamba Adèle sahani zote alizozirudisha tangu afike zilirudi zimeoshwa, zinang'aa, na tupu kabisa. Mara ya kwanza Séraphine alidhani ni dharau. Halafu akaelewa kwamba hakuna aliyemwambia.

"Mama Adèle, siku utairudisha, tia kitu ndani. Ata ndizi moja. Hapa kwetu sahani ya mutu hairudi ikilia njaa."

"Ndizi moja," alirudia Adèle, kwa bidii, kama mwanafunzi.

Mwizi hakuwa huyu.

*

Jumapili, baada ya misa ya pili, saa sita, alikwenda kwa Thierry. Huyu alikuwa akishughulikia karatasi za mizigo mpakani, pale Ruzizi, akijifunza Kiingereza ili aelewane na madereva wa malori yanayotoka mbali. Ukuta mzima wa parcelle yake, uwanja wa nyumba, ulikuwa umefunikwa na mmea mmoja: marakuja.

"Salongo ya jana ulifika saa ngapi, Thierry?"

"Saa tatu na nusu. Chef d'avenue, mukubwa wa mtaa wetu, alinitukana mbele ya batu. Lori moja ilinilaza mupakani." Akamtazama. "Maman, mimi unaniuliza kama polisi?"

"Nakuuliza kama mutu banaita mwizi."

Thierry aligeuka. Akaita ndani, na mke wake akaleta sahani yenye mstari wa bluu. Mtoto alikuwa akiilia uji, na uji ulikuwa umemfika hadi nyusi.

"Njo hii. Bado iko kazini."

Séraphine aliuelekeza mkono ukutani. "Na hii matunda, unagawiaga nani?"

"Msimu huu? Haijakomaa mingi. Kikapu moja nilimutumia mama-mukwe kule Walungu. Ingine, juzi vendredi, nilimupelekea Papa Inspecteur. Ule alinifunza kushika kalamu, maman. Nikipita kwake mukono tupu, naona kama ataniuliza tabulo ya kuzidisha ya saba."

Séraphine alimshukuru. Njiani alisimama mara mbili, si kwa kuchoka. Hakutaka kufika alikokuwa akielekea.

*

Papa Alphonse alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mwalimu, halafu directeur, halafu inspecteur wa shule za msingi; nusu ya mji ilikuwa imevutwa masikio na mkono wake. Alivaa koti hata jua likiwaka. Kila alasiri, saa ya masomo ya Moira, aliketi na gazeti upande wake wa ukuta, na Séraphine hakuwahi kujiuliza ni gazeti gani linalosomwa miezi mitano bila kugeuzwa ukurasa.

Saa nane alimkuta uani.

"Papa Inspecteur, jambo yenu. Leo radio iko kimya?"

"Mawe ilikufa, Maman Séra. Wiki mbili sasa. Ile kubwa sita, nani atainunua kila mwezi?"

Radio ilikuwa pale, kubwa kama sanduku la harusi, kifuniko cha nyuma wazi, ndani tupu. Lakini Séraphine hakuiangalia radio. Aliangalia ukingo wa dirisha, kwenye jua, ambapo mawe mawili yalikuwa yamelazwa ubavu kwa ubavu yapate joto na kufufuka kidogo, kama kila mtu anavyofanya akikosa mengine. Mawe madogo. Membamba kama kidole cha mtoto.

Papa Alphonse aliona anachoangalia. Koti lilimkaa vibaya ghafla.

"Mulipata keki, papa?"

"Tamu sana."

"Na sahani?"

Mzee alianza kukifunga kifuniko cha radio. Séraphine angeweza kupaza sauti. Uani kwa watu, mchana kweupe, wangekuja wote. Alingoja. Alikuwa amelea watoto saba kwa kungoja.

"Kesho saa kumi," alisema mwishoni, "Mademoiselle ataita wote ku meza. Mimi nitaeleza yenye nilionaka. Ingine mutaeleza wenyewe, papa. Naachia nafasi."

*

Jumatatu saa kumi kamili walikuwa wanne mezani, Moira na wale watatu, na Séraphine amesimama. Katikati aliweka sahani na marakuja sita.

"Hii ilikuya samedi, siku ya salongo, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na robo," alisema. "Yenye aliileta njo alikamata kamashini. Sahani ya Adèle iko chini ya maua. Ya Thierry iko na uji. Marakuja ni ya Thierry, lakini Thierry aliigawia nyumba mbili tu, na moja iko Walungu. Kamashini inakula mawe ndogo. Yenye aliikamata hakujua kama akiba iko mu droo. Ya ndani ilimalizika, akaianika ku dirisha."

"Watu wengi wanaanika mawe," Papa Alphonse alisema, shingo imenyooka.

"Ndiyo, papa. Lakini radio yenu inakula ile kubwa."

Thierry alianza kuelewa, akainamisha macho kwa haraka, kama mtu aliyemkuta baba yake akioga.

Papa Alphonse akaingiza mkono ndani ya koti. Akaweka kinasa sauti karibu na sahani.

"Sikuingia kuiba," alisema. "Niliingia kurudisha sahani. Nikapiga hodi mara tatu. Hakuna mutu. Nikaweka matunda jikoni, nikapita hapa kutoka, nikaiona."

"Lakini juu ya nini, papa?" aliuliza Moira. "Kwa nini hukuniomba?"

"Akonkwa, mutoto wangu, eko Australia, miaka tisa. Bajukuu yangu bawili balizaliwa kule. Banajua Kiingereza tu. Siku ya Mungu ananipigia, anawapa telefone. Mimi nasema jina zao. Basi. Bananyamaza, nanyamaza, telefone inarudi kwa baba yao. Ule mudogo, Charlène, alimuuliza baba yake kama babu eko mugonjwa ya mudomo." Alipangusa paji la uso. "Nilikuwa nasikia ile maman muzee kupitia ukuta. Anasema polepole. Yeye tu njo ninaelewa."

"Ungekuja kuketi hapa!"

"Hapa? Thierry akiniangalia? Mimi nilimupiga fimbo juu ya kukosa kusoma!"

"Mara nyingi," Thierry alisema, na wote wakacheka bila kutaka.

"Nilitaka kuirudisha ileile jioni. Halafu nikasikia yenye banasema kule kwa Emérence, na mulango yenu ikakuwa mbali. Kila saa mbali zaidi."

Séraphine alikuwa na swali moja lililomsumbua tangu Jumamosi. "Lakini papa, pale mulikamata kamashini, sahani ilikuwa bado jikoni. Mungeibeba, nani angejua?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nibebe matunda yenye nimekwisha kukupa? Maman Séra, mimi niko mutu gani?"

Moira alikuwa ameweka mawe mapya na kubonyeza. Sauti ya mama yake ikatoka, salama. Akaizima upesi, akamgeukia mzee. "Mulifika wapi?"

Papa Alphonse alisimama, kwa sababu mbele ya mwalimu mtu husimama. Akafunga kifungo cha koti na kuanza kusema hadithi ya kwanza kwa kichwa, sentensi kwa sentensi, na haikuwa sauti ya mzee aliyelelewa kwa lugha ya Kishi tena: ilikuwa ya yule bibi wa Scotland, na vituo vyake, na jinsi alivyozungusha ulimi. Kufika katikati alinyamaza, akakohoa mara mbili kavu, akaendelea.

Moira akaweka mikono mdomoni. Alicheka na machozi yakatoka pamoja.

"Hata kikohozi!" alisema. "Papa, kikohozi si somo!"

Thierry aliinuka, akampa mzee kiti chake, kile cha karibu na mwalimu. Moira alichukua ufunguo, akamwendea Séraphine na kumwinamia kama binti. "Maman, nilikukosea. Nilijua si wewe, na bado niliuomba. Unisamehe."

"Nimekusamehe," Séraphine alisema, akaufunga shingoni. "Lakini neno yenye ilitoka humu nyumbani, haikuishia humu nyumbani. Papa Inspecteur, muvae kofia. Tuna safari."

Walipanda avenue wawili, jua likiwa bado juu, mzee mbele, Séraphine nyuma yake hatua moja, na wengine wakichungulia langoni. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la juu. Mstari wa bidon ulikuwa mrefu. Papa Alphonse alisimama mbele ya kioski, akavua kofia.

"Emérence. Yenye ulisema juu ya Séraphine, ufute. Mwizi ni mie."

Emérence akapasuka kicheko. "Papa Inspecteur! Acheni masihara, nina wateja!"

"Mwizi ni mie," alirudia, na safari hii sauti ilikuwa ile ya darasani. Kicheko cha Emérence kikakatika. Mkate ulimponyoka mkononi.

Séraphine aliangalia mstari wa wanawake, kichwa hadi mkia, bila haraka yoyote.

"Rudieni kidogo, papa," alisema kwa upole. "Bale ba nyuma habakusikia."