Madoa Matatu kwenye Anga ya Beni

Kitambaa chekundu kilikuwa kimekunjwa mara nne, vizuri kabisa, na juu yake hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo kamera ilipokuwa ikilala. Jephté Lusenge, mpiga picha wa arusi mjini Butembo, alisimama mbele ya rafu Jumapili hiyo, Biblia bado mkononi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amepitia studio baada ya ibada. Mkewe, Jemima, alikuwa nyuma yake na mwavuli.

"Imeenda," alisema Jephté. "Jemima, imeenda."

Inspekta Kanyere Abigaïl wa polisi ya upelelezi alifika kabla ya saa nane mchana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mpira na daftari la shule. Hakuharakisha. Alianza na mlango. Kufuli lilikuwa zima, bila mkwaruzo. Bawaba hazikuguswa. Alinyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole kwenye rafu, lakini palikuwa pamepanguswa. Kompyuta ilikuwepo. Mashine ya kuchapia picha ilikuwepo. Hata bahasha ya malipo ya arusi ya jana ilikuwa katika droo isiyofungwa.

"Huyu mwizi hana njaa," alisema. "Alibeba nini ingine?"

"Chaja yake na lenzi moja. Njo ile tu, Mama Inspecteur."

"Ni kamera ya namna gani?"

"Plein format. Sensa yake, kile kioo cha ndani chenye kinapokea mwanga, ni kikubwa. Hata mu kanisa ya giza, inaona. Hapa Butembo iko moja tu. Ilitoka Dubai mu mizigo ya mufanyabiashara, ya mukono wa pili."

"Funguo?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya Mariette."

Mariette alikuwa mjane aliyekaa kwenye kompyuta na kusafisha picha kabla hazijachapishwa. Jina lake lilipotajwa, Jemima alifunga mwavuli kwa nguvu.

"Sasa tumefika," alisema.

"Unamushuku, mama?"

"Mi simushuku. Mi najua. Picha ya kwanza ya ile kamera, unajua ilikuwa ya nani? Ya bibi yake wa ndoa? Hapana! Ya Mariette! Macho inangaa kama ya malaika."

"Alikuwa amekaa karibu na dirisha," alisema Jephté. "Nilikuwa napima mwanga."

"Na mimi ni giza?"

Inspekta aliandika katika daftari: *Mke ana wivu.* Akapigia mstari, kisha akaweka alama ya kuuliza.

Juma lilipita. Askari walizunguka kwa wauza simu na watengeneza redio. Hakuna aliyekuwa ameletewa kamera. Jemima alikuja ofisini kila asubuhi na lalamiko jipya: Mariette amejipaka mafuta yanayonukia, Mariette amecheka. Jumatatu ya pili mkuu wa kituo alichoka. Akaamuru Mariette akamatwe. Kituoni angekaa saa arobaini na nane tu, na Jumatano jalada lake lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, yeye mwenyewe gerezani. Watoto wake wawili walibaki kwa jirani.

Inspekta Abigaïl alimpa kiti na chai.

"Ile Jumapili ulikuwa wapi?"

"Ku misa ya kwanza. Kisha nikarudi kufua."

"Nani alikuona ukifua?"

"Nguo."

Inspekta alikunywa chai yake ili asicheke.

"Wewe na Jephté muko na kitu?"

"Niko na kazi yake, Mama. Ile njo kitu niko nayo. Sasa hata ile, sina."

"Kazi gani, kabisa kabisa?"

"Kufuta mafiga."

"Mafiga ya jikoni?"

"Hapana, Mama." Kwa mara ya kwanza Mariette aliinua kichwa. "Siku moja ya soko, Jephté alibadilisha lenzi kando ya barabara, kule Musienene. Lori ikapita. Vumbi ikaingia, ikashika ku sensa. Tangu ile siku, kila picha ya inje, fasi ya mbingu, iko na madoa tatu. Juu, upande wa kushoto. Mbili karibu karibu, moja imejitenga, kama mafiga yenye mutu amepanga vibaya. Mu kanisa hayaonekane. Mu jua kali, yanaonekana."

"Nani anajua?"

"Mi. Jephté mwenyewe anasahauka. Picha zinatokaka studio safi, juu nimeshafuta."

Inspekta aliweka kikombe chini polepole.

"Kule studio kuko picha yenye haujafuta?"

"Mu kompyuta, dosye ya mwisho. Bachape moja, utaona."

Njiani kwenda studio Inspekta alisimama kwenye duka la vyuma. Kati ya misumari na majembe aliona kufuli kama lile la mlango wa Jephté, bado katika kisanduku chake. Alikifungua. Alihesabu funguo. Akahesabu tena, kwa kidole.

Jephté alikuwa peke yake studio. Alimchapia picha aliyoitaka, na madoa yalikuwepo, matatu, juu ya paa la kanisa la Musienene. Inspekta aliifunga ndani ya daftari.

"Hii kufuli ulinunua wapi?"

"Sikununua. Sisi bapiga picha tuko na desturi. Mwanafunzi akifungua mulango yake, mwalimu wake anamupatia kufuli. Mi nilipewa na Éliakim Nzanzu."

"Na funguo ngapi?"

"Mbili."

"Zinauzwaka tatu."

Jephté alilitazama kufuli kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Lakini Éliakim alishaacha kazi," alisema. "Aliuza kamera yake, akahamia Beni, commune Ruwenzori. Anangojea ile mupya."

"Ile mupya gani?"

"Plein format ya bei ya chini. Bapiga picha bote banaizungumuza. Banasema itatoka mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ukapita, bakasema wa sita. Kuko hata picha yake, inapita mu masimu, lakini haionekane muzuri."

"Nani ameiona kwa macho?"

"Hakuna mutu."

Jephté alisema hivyo akiwa ameinamia sakafu. Inspekta aliliandika hilo pia.

Jumanne asubuhi alishika barabara ya Beni. Alimkuta Éliakim Nzanzu uani, mtu mrefu mwenye mvi za mapema, akigeuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai.

"Kamera?" Éliakim alicheka kidogo. "Mama, mi sina kamera tangu mwaka jana. Nangojea." Alifuta mikono, akatoa simu. "Ona. Huyu anasema itakuwa ndogo, ya kuingia mu mufuko. Huyu anasema hapana, itakuwa ya zamani yenye bamebadilisha jina. Huyu Muchina anasema..."

"Ile Jumapili kamera ya Jephté ilipotea, ulikuwa wapi?"

Simu ilirudi mfukoni.

"Hapa. Na kakao yangu."

Inspekta alishukuru, akatoka. Lakini hakwenda mbali. Nyumba ya pili ilikuwa bado na maua ya karatasi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Mama mwenye nyumba, Jokébed, alimkaribisha kabla hajabisha. Alikuwa amemwoza binti yake Jumamosi iliyopita. Ukutani ilining'inia picha ya bibi arusi, kubwa kama meza, ya rangi safi mpaka ungeweza kuhesabu shanga za shingoni.

"Muzuri sana," alisema Inspekta.

"Si umeona? Na baraka iko juu yake. Tazama mbingu."

Juu ya shela, upande wa kushoto, kulikuwa na vidoa vitatu. Viwili karibu karibu. Kimoja kimejitenga.

"Mi nasema ni njiwa," alisema Mama Jokébed. "Njiwa tatu, siku ya ndoa! Pasta mwenyewe alisema amen."

"Nani alipiga?"

Mama Jokébed alishusha sauti. "Baba Éliakim. Lakini alituomba tusiseme. Ati kamera ni ya kuazima."

Inspekta aliazima picha ndogo ya arusi hiyo kutoka kwenye albamu, akarudi uani. Aliweka picha ya Beni juu ya picha ya Musienene, akaziinua zote mbili kwenye jua. Doa liliangukia doa, matatu yote.

Éliakim alitazama. Reki aliyokuwa akigeuzia kakao ilimponyoka.

"Ile ni nini?" aliuliza. "Mi sikuonaka vile ku picha zake."

"Mariette alikuwa anafuta. Kila siku. Yule Mariette mwenye kesho atalala gereza juu yako."

"Mariette?" Alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa turubai. "Juu nini Mariette? Alifanya nini?"

"Alikuwa na ufunguo. Nani angefikiri wa tatu?"

Éliakim alifunika uso kwa mikono yenye harufu ya kakao. Kisha alisimama, akaingia ndani, na Inspekta akamfuata hatua kwa hatua. Nyuma ya magunia kulikuwa na kikapu. Ndani ya kikapu, joho la kwaya. Ndani ya joho, kamera, na pembeni yake soksi safi iliyojazwa mchele mkavu, ili unyevu usiiguse.

"Unaitunza kuliko mwenyewe," alisema Inspekta.

"Ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Ile mufanyabiashara wa Dubai alinitafuta mimi kwanza. Mimi! Nilikuwa napiga ndoa zote za kwaya mu Butembo, Jephté akinibebea mufuko. Nilitaka kuichukua. Njo Jephté akaanza kuniandikia." Alimpa simu. "Soma mwenyewe."

Inspekta alisoma. Ujumbe baada ya ujumbe, miezi saba, na kila mmoja ulimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. *Yaya, usinunue ya mukono wa pili. Banasema mupya inatoka, bei ya chini.* Na chini ya kila uvumi maneno yaleyale: *Ngoja kidogo, yaya. Iko karibu.*

"Nikangoja," alisema Éliakim. "Nikauza hata yangu ya zamani, juu banasema mupya ikitoka, za zamani hazitapata mununuzi. Kwa mukutano ya bapiga picha nilisimama nikaambia bote bangoje. Kisha siku moja niko ku ndoa Butembo, mualikwa, nimekaa kiti cha nyuma. Nani anasimama mbele ya kwaya? Jephté. Na nini mu mikono? Ile ile. Nilijua mukwaruzo yake ku kona. Batu banageuka kunitazama. Banacheka."

"Ukakumbuka ufunguo."

"Nilimuwekea ule wa tatu siku akipoteza zake. Kama mwalimu. Nilijua Jumapili bako kanisani bote. Sikutaka kuuza, Mama. Nilitaka tu asikuwe nayo. Usiku nilikuwa naifungua, naitazama, naifunga."

"Na ndoa?"

"Mama Jokébed alinililia. Nikasema picha moja tu."

"Ulipiga ngapi?"

Éliakim alianza kulikunja joho la kwaya.

"Mia nane," alisema.

Jumatano asubuhi Mariette alitoka mahabusu. Jemima alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akiwa ameishika kwa mikono miwili, hajui aanze vipi.

"Wasingya," alishukuru Mariette, akaichukua chai, akapita.

Ndani, Éliakim alikuwa ametia sahihi ungamo lake. Kamera ilikuwa mezani kwa Inspekta, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa lakiri na namba ya kielelezo. Jephté aliinyooshea mkono, Inspekta akausogeza mfuko kando.

"Hizi ujumbe," alisema, akiinua simu ya Éliakim, "ya mwisho uliandika tarehe kumi na mbili. Kamera ulipokea tarehe ngapi?"

Jephté alitazama mlango. Mkewe alikuwa amesimama hapo, anasikia.

"Tarehe mbili," alisema.

"Siku kumi iko mu mikono yako, na bado unamuambia angoje."

"Alikuwa anaitwa kila fasi, Mama. Mi nabeba mufuko tu. Hata nikipiga picha muzuri, banasema: ya Éliakim ile. Nilichoka kusikia jina yake."

"Sheria haina kifungo ya ile," alisema Inspekta. "Bahati yako."

Aliandika mstari wa mwisho, akafunga daftari. Jephté hakuondoka. Alikuwa akikunja na kukunjua kile kitambaa chekundu.

"Mama Inspecteur, Jumamosi niko na ndoa kubwa. Batu wa kwaya. Bananiambia nisipokuja na ile kamera, batatafuta mwingine. Nitarudishiwa lini?"

"Ni kielelezo. Inangoja tribunal."

"Lini, Mama?"

Inspekta Abigaïl aliichukua kamera, akaiweka ndani ya kabati la chuma, akafunga, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Ngoja kidogo," alisema. "Iko karibu."